Jiko la gesi ndani ya gari la kulala: kufuata hitilafu kuanzia kwenye mtungi

Katika Mkoa wa Tanga, gari lenye kitanda na jiko la gesi linaweza kupita mazingira matatu yasiyofanana ndani ya safari moja fupi: hewa yenye chumvi ya fukwe za Raskazone na Ushongo, vumbi na makorongo ya njia za kuelekea Hifadhi ya Saadani, na baridi ya Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400. Chumvi hula chuma, mtikisiko hulegeza nati, na baridi hupunguza presha ya gesi ndani ya mtungi. Kwa hiyo jiko lililochemsha chai vizuri Jumamosi ufukweni linaweza kugoma Jumapili mlimani bila kuwa na kasoro yoyote ndani yake.

Kwa kuwa moto huonekana jikoni, lawama nazo huangukia jiko, na mwenye gari huanza kufungua plati kabla hajautazama mtungi. Mimi nashauri kinyume chake. Gesi husafiri njia moja tu: hutoka kwenye mtungi kupitia vali, huingia kwenye regulata inayoshusha presha yake, hupita kwenye mpira na kisha kwenye bomba la shaba lililofungwa kwenye bodi ya gari, hufika kwenye koki ya jiko inayofunguliwa kwa swichi ya plati, hutoka kwenye nozo yenye tundu jembamba, huchanganyika na hewa kwenye koo la plati, na mwisho huwaka kwenye matundu ya kichwa. Kutafuta hitilafu ni kuuliza gesi imekwama wapi katika njia hiyo, na swali la kwanza hujibiwa bila spana: washa plati zote kwa zamu. Ikiwa moja ni mbovu na nyingine ni nzima, tatizo liko baada ya pale bomba linapogawanyika, yaani kwenye koki, nozo au kichwa cha plati hiyo. Ikiwa zote ni dhaifu, na friji inayotumia gesi nayo inasuasua, liache jiko kama lilivyo na uanzie kwenye mtungi.

Harufu ya gesi ndani ya gari

Dalili hii hutangulia nyingine zote. Gesi ya mitungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, haina harufu yake yenyewe. Ile harufu inayofanana na ya kitunguu kilichooza huongezwa makusudi, kwa kemikali za kundi la merkaptani, ili uvujaji ujulikane kwa pua. Jambo la kuzingatia zaidi ni uzito wake. Propani ina uzito wa takribani mara moja na nusu ya hewa, na butani takribani mara mbili. Gesi iliyovuja haipandi ikatokea dirishani, bali hutuama sakafuni, chini ya kitanda na ndani ya makabati, mahali ambapo mtu aliyesimama huenda asinuse chochote mpaka atakapolala. Hewa ya mahali hapo ikishafikisha asilimia 2 hivi ya gesi, cheche moja inatosha kuiwasha.

Unaponusa harufu hiyo, zima kila moto, funga vali ya mtungi, toa watu nje na ufungue milango, hasa ule unaofika sakafuni. Usiguse swichi ya taa, iwe kwa kuwasha au kuzima, wala usiwashe injini kwa nia ya kulisogeza gari. Harufu ikiendelea baada ya vali kufungwa, basi huenda vali yenyewe au mtungi ndio unaovuja. Kaa mbali, zuia watu wasisogee, na piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Harufu ikishatoweka kabisa, uvujaji hutafutwa kwa maji ya sabuni na brashi ndogo. Zima swichi zote za jiko, fungua vali ya mtungi polepole, kisha paka povu kwenye kila kiungo na ukitazame kwa muda usiopungua nusu dakika, maana uvujaji mdogo hautoi povu la kuvimba. Hutoa vipovu vyeupe vilivyobanana mfano wa mayai ya samaki, vinavyoongezeka taratibu kandokando ya nati. Mahali pa kutazama kwanza ni sili, yaani kizuizi cha uvujaji, iliyo kati ya vali na regulata, kisha ncha mbili za mpira zilizobanwa kwa klipu, kisha pale bomba la shaba linapopenya bati la sakafu. Hapo pa mwisho hupuuzwa mara nyingi, na ndipo mtikisiko wa njia mbaya unaposugua shaba dhidi ya ukingo wa bati mpaka ikatoboka. Panapaswa kuwa na kipande cha mpira kinachotenganisha vitu hivyo viwili. Ukimaliza, futa sabuni kwa maji safi na ukaushe. Wapo bado wanaotafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti iliyowashwa, na hao hawahitaji mwongozo bali kunyang'anywa kiberiti.

Kagua pia tundu la hewa lililo chini ya kisanduku cha mtungi. Tundu hilo liliwekwa ili gesi iliyovuja ishuke nje ya gari, lakini hujazwa mchanga wa ufukweni, au mwenye gari mwenyewe huliziba kwa kitambaa akizuia vumbi.

Gesi haitoki kabisa

Pima mtungi kabla ya kufungua nati yoyote. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Ukiutoa katika uzito wa jumla, kinachobaki ndiyo gesi. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inawataka wauzaji wa gesi wawe na mizani dukani, kwa hiyo si ufidhuli kuomba mtungi upimwe kabla ya kulipa, na ukiwa safarini mizani ya kuning'iniza ya wachuuzi wa samaki kama wa soko la Deep Sea mjini Tanga inatosha kabisa kwa mtungi wa kilo 6. Kuutikisa mtungi na kusikiliza hakukupi kipimo. Kwa makadirio, plati ya kilowati 1.75 ikiwashwa kwa moto mkubwa hutumia takribani gramu 130 kwa saa, hivyo kilo 6 zinatoa zaidi ya saa 40 za moto wa namna hiyo. Mtungi uliojazwa majuzi na kuisha leo, huku chakula kilichopikwa ni wali na samaki kwa watu wawili, ama haukujazwa ipasavyo ama unavuja.

Ikiwa gesi ipo na bado plati iko kimya, yawezekana mtungi umebadilishwa karibuni na bomba limejaa hewa. Hewa hiyo lazima itoke kwanza, jambo linaloweza kuchukua dakika nzima katika gari refu. Shikilia swichi ya plati moja huku moto wa kuwashia ukiwa tayari karibu yake, na usiziache plati zote wazi huku ukihangaika. Katika baadhi ya magari yaliyotoka nje, hasa yenye vifaa vya Marekani, kiungo cha mtungi kina kinga inayobana mtiririko pale vali inapofunguliwa ghafla, kwa kudhani kwamba mpira umekatika. Dalili yake ni gesi kidogo mno, au kutokuwepo kabisa, ingawa mtungi umejaa. Funga vali na swichi zote, subiri dakika chache, kisha fungua vali polepole sana kabla ya kugusa jiko.

Kuhusu regulata, ikumbukwe kwamba vali za mitungi hazifanani kwa makampuni yote, na mgeni anayeingia na mtungi wa kwao huenda asipate wa kumjazia. Ni bora kununua mtungi wa hapa pamoja na regulata yake kuliko kulazimisha viungo viwili visivyooana kwa kuvizungushia utepe.

Moto unawaka, lakini huzimika ukiachia swichi

Jiko lenye tabia hii lina kinga iitwayo themokapo, kijiti chembamba cha chuma kilichosimama pembeni ya plati. Ncha yake ikipashwa moto huzalisha umeme mdogo sana, wa milivolti chache, ambao hushikilia koki wazi. Moto ukizimwa na upepo, ncha hupoa, umeme hukatika, na koki hujifunga. Kwa hiyo moto unapokataa kubaki, koki imeamini kwamba hakuna moto. Mara nyingi mtumiaji ameachia mapema tu: bonyeza na ushikilie kwa sekunde 10 hadi 15. Ikishindikana, angalia kama ulimi wa moto unaigusa ncha, kwa sababu kijiti hupinda kinapogongwa na sufuria. Isugue ncha taratibu kwa msasa laini uondoe masizi na kutu ya chumvi, kisha kaza kwa mkono nati inayounganisha waya wake na koki, ukimalizia kwa robo mzunguko wa spana. Ikiendelea kukataa, nunua nyingine. Ni kifaa cha bei nafuu kisichotengenezeka. Kufunga koki kwa waya ili ibaki wazi ni kuondoa kinga katika chumba unachokilalia.

Moto ni dhaifu kwenye plati zote

Mteja mmoja aliyepiga simu kutoka Lushoto aliniambia, "Fundi, jiko limekufa, na juzi tu lilikuwa Pangani linawaka kama kawaida." Jiko lake halikuwa limekufa. Ili kuelewa kilichotokea lazima kuujua mchanganyiko uliomo mtungini. Propani hugeuka kuwa mvuke hata kwenye baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani huacha kugeuka inapokaribia sifuri. Kwenye joto la nyuzi 30, ambalo ni la kawaida Tanga mchana, propani tupu ina presha ya takribani baa 10 na butani tupu takribani baa 2. Kwenye nyuzi 10, asubuhi ya Juni au Julai kwenye milima ya Usambara iliko Lushoto, butani hubakiwa na nusu baa hivi. Isitoshe, ndani ya mtungi propani ndiyo inayotangulia kutoka, hivyo mtungi uliokwisha kutumika kwa sehemu kubwa hubaki na butani nyingi. Mtungi wa namna hiyo hukutosha kwenye joto la pwani ya Pangani na kukuangusha Lushoto.

Tiba si kuupasha mtungi moto, wala kuumwagia maji yanayochemka. Usimamishe ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, au uweke juani kwa muda, nawe utaona moto unarudi. Anayepanda mlimani mara kwa mara apande na mtungi uliojaa. Aidha mtungi hujipoza wenyewe unapotumika kwa nguvu, kwa kuwa gesi inapogeuka kuwa mvuke huchukua joto kutoka kwenye kimiminika kilichobaki. Katika unyevu wa pwani yetu utaona jasho likiushika kutoka chini hadi pale kimiminika kinapoishia, na alama hiyo ni kipimo kizuri cha gesi iliyobaki.

Ikiwa gari liko pwani, kuna joto, na mtungi una gesi ya kutosha, basi mshukiwa ni regulata. Kazi yake ni kushusha presha ya mtungi hadi takribani milibari 30, na huifanya kwa utando wa mpira ambao upande wake mmoja hupumua kupitia kijitundu kidogo kwenye kifuniko. Kijitundu hicho kikizibwa na vumbi, mchanga uliolowa, au udongo wa nyigu, utando haupumui sawasawa na moto hupanda na kushuka bila swichi kuguswa. Ndiyo maana regulata ifungwe kijitundu kikitazama chini, tena juu zaidi ya vali ya mtungi, ili mafuta mazito yanayoambatana na gesi yarudi mtungini badala ya kujikusanya kwenye utando. Chomoa mpira baada ya kufunga vali na kuisha kwa gesi iliyobaki. Ukikuta mafuta ya kunata ndani yake, mpira na regulata vyote vibadilishwe. Regulata haifunguliwi kutengenezwa.

Mpira wenyewe huchunguzwa kwa kuukunja kidogo kwa vidole: ukitokeza nyufa nyembamba, hata zisizovuja bado, muda wake umekwisha. Wengi hushauri ubadilishwe kila baada ya miaka mitano, lakini uliokaa juani nyuma ya gari katika joto la huku hauwezi kuachwa ufikishe muda huo. Angalia pia kama haujabanwa na mlango wa kabati au kukunjwa na mtungi uliosogea njiani. Kupinda kwa namna hiyo hupunguza gesi kwenye plati zote, na hufanana kabisa na regulata mbovu.

Plati moja tu ni dhaifu

Hapa sasa ndipo jiko linapostahili kufunguliwa. Toa kichwa cha plati, kioshe, kipulize na kikaushe kabisa, kwa sababu tui la nazi likifurika hukauka ndani ya matundu na kuyaziba kuliko maji ya kawaida yanavyoweza. Kisha fungua nozo, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba chini ya koo la plati. Tundu lake mara nyingi halifiki milimita 1, na kipimo hicho ndicho kinachoamua kiasi cha gesi. Usilichokoe kwa sindano wala waya wa chuma, kwa sababu shaba ni laini na tundu likishapanuka haliwezi kurudi. Lilowekwe kwenye spiriti, lipulizwe, na ikilazimu lipitishiwe unywele mmoja wa brashi ya nailoni. Chungulia pia ndani ya koo la plati kwa tochi. Gari lililokaa bila kutumika kwa miezi kadhaa huwa na utando wa buibui hapo, ambao hauonekani kwa juu lakini hubadilisha kabisa mchanganyiko wa gesi na hewa.

Rangi ya moto

Moto mzuri ni wa buluu, wenye kiini kinachoonekana wazi. Ufukweni utaona miale ya rangi ya chungwa ikipita ndani yake, na wengi huja na hofu wakidhani gesi imechakachuliwa. Hiyo ni chumvi: sodiamu iliyomo katika unyevu wa bahari huipa miali rangi hiyo inapopata joto la moto, na hutokea vilevile maji ya chumvi yanapofurika kutoka kwenye sufuria. Haina madhara.

Tofauti na hiyo ni moto wa njano uliolegea, wenye ncha ndefu zinazoyumba na kuacha masizi kwenye kitako cha sufuria. Huo unakosa hewa. Chanzo kinaweza kuwa koo lililozibwa, kichwa kisichokaa mahali pake, au nozo iliyopanuliwa, na katika majiko yaliyotumika nje kisha kuletwa huku, nozo ya gesi asilia ambayo tundu lake ni kubwa mno kwa gesi ya mitungi. Mlimani, ambako hewa ni nyepesi zaidi, njano kidogo kwenye ncha ni jambo la kutarajiwa. Lakini moto wa njano wenye masizi huzalisha kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kumuua mtu usingizini, na hata moto wa buluu hutumia hewa ya chumba kidogo kwa haraka. Upikapo, acha dirisha na tundu la juu wazi. Na katika baridi ya Lushoto, jiko lisiwashwe kamwe kwa ajili ya kuota moto huku milango imefungwa.

Moto unaruka, unavuma au unapiga pa!

Moto unaoinuka na kuachana na matundu huku ukivuma una presha kubwa mno. Uliza kwanza kama regulata ilibadilishwa, kwa maana zile zenye skrubu ya kuongeza presha, zinazotumika kwenye majiko makubwa ya mama lishe na ya kukaangia chipsi, hufungwa wakati mwingine kwenye jiko dogo la gari kwa kukosa nyingine. Ziondolewe mara moja. Mlio wa pa! unaposikika wakati wa kuzima au kupunguza moto maana yake moto umerudi ndani ya koo. Mara nyingi kichwa cha plati kimekaa upande baada ya kuoshwa, au gesi inakaribia kwisha. Moto unaozimika ovyo bila sababu nyingine huwa ni suala la upepo tu, hasa msimu wa kusi, na kugeuza gari ili mlango wa jikoni usitazame kusini hulimaliza.

Cheche hazitoki

Kwanza badilisha betri, kama jiko linatumia betri. Kisha futa chumvi na unyevu kwenye kauri nyeupe inayozunguka ncha ya kutolea cheche, kwa kuwa umeme hupita kwenye njia iliyo rahisi, na kauri iliyolowa huupeleka pembeni badala ya kuuacha uruke kwenda kwenye plati. Nafasi kati ya ncha na plati iwe milimita 3 hadi 5. Kauri iliyopasuka haigundishwi. Mpaka kipuri kipatikane, kiberiti kinatosha, ilimradi njiti iwake kabla swichi haijafunguliwa.

Kazi za kumwachia fundi

Kubadilisha sili, mpira, klipu, themokapo na kusafisha nozo ni kazi za mwenye gari mwangalifu. Bomba la shaba lililopasuka, koki ya jiko inayovuja kwenye mhimili wake, na kiungo chochote kinachohitaji kuchomelewa vipelekwe kwa fundi wa gesi, na mtungi utolewe garini kabla ya gari kuingizwa karakana. Mtungi wenye vali inayovuja, ulioliwa na kutu kitakoni au uliobonyea hautengenezwi na fundi wa mtaani. Ukiendelea kuvuja hata baada ya kufungwa, kaa mbali nao na upige 114 kama ilivyoelezwa mwanzoni; usiovuja usafirishe ukiwa umefungwa na kusimama katika gari la wazi na uurudishe kwa muuzaji.